Shahidi Aliyesema Siyo Mbaya

Orrin Haugdahl alikuwa mtu wa kunyamaza tangu utoto, na mke wake Marlys alipokufa akanyamaza zaidi, maana hata yule wa kumwambia funga mlango baridi inaingia hakuwepo tena. Hawakujaliwa kupata watoto. Alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha karatasi mpaka kiwanda kikafungwa, akabaki na nyumba yake ukingoni mwa ziwa Gullsten, kaskazini kabisa mwa jimbo la Minnesota. Ziwa hilo likishaganda, wanaume wanahamia juu ya barafu na vibanda vyao, wanatoboa tundu, wanakaa wanaliangalia. Wanasema wanavua samaki. Wengine wanawakimbia wake zao tu. Orrin hakuwa na wa kumkimbia.

Sasa barafu ina mambo yake. Hapa inabeba lori, pale mbele kidogo haibebi mbwa. Ndiyo maana huku watu wakiamka wanatoboa kwa keekee, wanapima unene kwa inchi, wanaambiana. Zamani waliambiana dukani kwa Ardis, dada wa Marlys, anayeuza chambo na kahawa mbaya. Orrin, msimu ule wa kwanza wa ujane, akajifundisha kutengeneza programu ya simu. Mtu anatoboa, anaandika inchi ngapi na yuko wapi, wenzake wote wanaona. Basi, hakuna zaidi.

Lakini watu hawakuandika inchi peke yake. Mmoja anaandika, inchi nane ghuba ya mashariki, nina soseji, asiye na aibu aje. Mwingine, inchi sita, na goti langu linasema kesho theluji. Wakorofi wanamwandikia mwenyewe: "Babu Orrin, umeamka au tulete jeneza?" Naye anajibu kwa kidole kimoja, "Nimeamka." Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yake ya siku nzima. Anakaa jikoni na kikombe chake, simu inalia, inalia tena, ungedhani nyumba ina wageni. Maziwa ya jirani nayo yakaingia, watu asiowajua wakawa wanamsalimia. Ukimwona kanisani wakati wa kahawa, alikuwa ananyoosha mgongo kidogo.

Programu ya simu huitembezi barabarani kama maandazi. Lazima ipitie duka lililomo ndani ya simu, na duka ni la Kampuni ile ile iliyotengeneza simu. Mvuvi akitoa dola zake chache za msimu, Kampuni inakata thelathini kwa mia kabla Orrin hajanusa kitu. Ardis akamwambia awaandikie watu waje walipe kwake, kwenye kopo la kahawa pale mlangoni, kama wanavyolipia chambo yeye akiwa amelala. Orrin akaandika. Kampuni ikamtumia onyo: kumwonyesha mteja njia nyingine ya kulipa ni marufuku, afute au programu inatolewa dukani. Akafuta. Wala hakununa. Alisema duka ni lao.

Ndipo Kampuni ikatengeneza programu yake yenyewe. Iliona dukani kwake mwenyewe nini kinapendwa, kama mama mwenye nyumba anayechungulia sufuria ya mpangaji, halafu kesho anafungua mgahawa mlangoni. Ya kwao ilikuja ndani ya simu bila kuombwa, bure, inapima barafu kwa picha za kutoka angani. Na kusema kweli inapima vizuri, hilo ndilo linaloudhi. Mwezi uleule wakabadilisha sheria, wakasema wanalinda betri za watu: programu za watu wengine zisilie kwenye simu iliyolala. Ya kwao ikaachwa inalia itakavyo. Ya Orrin mpaka mtu akumbuke, aishike simu, aifungue mwenyewe.

Na nani atakumbuka, wakati ile nyingine inampigia kelele mfukoni? Walipungua kama watu wanavyotoka kwenye msiba, mmoja mmoja, kila mtu na udhuru wake. Hakuna aliyemuaga. Wale wale wa jeneza, ambao sasa ndiyo wangeleta jeneza kweli na lisiwe utani, walimpita barabarani wakampungia mkono. Msimu wa tatu akabaki anayeandika mmoja, Ardis, anayetoboa mbele ya duka lake: inchi tisa, shemeji, kula chakula. Orrin alikuwa bado anakaa na kikombe jikoni, simu mezani kifudifudi, halafu anaigeuza.

Basi serikali ya jimbo ikaishitaki Kampuni kwa kubana soko, na wakili wa serikali, mwanamke kijana anayeitwa Renata Quist, akaja mpaka Gullsten kumtafuta. Mashahidi wake wengine wote kwenye ile kesi walikuwa makampuni. Alitaka mtu mmoja wa kawaida, mwenye uso, aseme mbele ya hakimu alivyofanyiwa. Mahakama ikimsikia, alisema, inaweza kuwalazimisha wamfungulie, programu yake ilie kwenye simu za watu kama ya kwao. Orrin akamuuliza mara mbili kama ni kweli, italia tena. Yule akasema ndiyo. Akakubali kabla kahawa haijapoa, na huyo ni mtu aliyechukua mwaka mzima kuchagua kofia.

Ardis alimpeleka kwa gari lake. Njia nzima alimfundisha. Alikuwa anamjua, na anawajua watu wa huku. Nyumba ya mtu ikiungua, mwenyewe anasimama pembeni na nguo ya kulalia anakwambia siyo mbaya sana, banda limepona. Ukimkata mguu, atakwambia bado mmoja. Kulalamika kwao ni kama kuvua suruali sokoni.

"Shemeji, leo uivue," Ardis akamwambia mlangoni mwa mahakama. "Wakikuuliza imekuuma, sema imeniuma. Maneno mawili hayo, hata kasuku anaweza."

"Nitasema," Orrin akasema.

Quist alimuuliza vizuri, akajibu vizuri: lini alianza, wangapi walikuwepo, sheria ilibadilika lini. Kisha akasimama wakili wa Kampuni, mtu mzima mwenye sauti ya upole, kama daktari.

"Pole na safari, Bwana Haugdahl. Hii huduma ya mteja wangu, ulishaijaribu?"

"Ndiyo."

"Unaionaje?"

"Inafaa."

"Na shughuli yako wewe, sasa hivi ikoje?"

Orrin aliangalia mikono yake. Chumba kizima kilikuwa kinamwangalia, watu wenye tai wamekaa kimya wanamngoja yeye.

"Siyo mbaya sana," akasema.

"Siyo mbaya."

"Ingeweza kuwa mbaya zaidi."

"Kwa hiyo mahakama ikitaka kujua umeumia kiasi gani, tuiambie nini?"

Ardis, nyuma kule, alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Orrin alimwona.

"Wapo wenye shida kuliko mimi," akasema.

Wakili akamshukuru, akakaa. Hakuwa na swali lingine, na angelitafuta la nini? Quist akainuka mbio, akamuuliza ana maana gani, je, hakuumia? Lakini yule binti alikuwa wa kutoka kusini kwenye joto, alikuwa anamsukuma mtu ambaye ukimsukuma ndiyo anajifunga. Angemuuliza simu yake mara ya mwisho imelia lini, angepata kila kitu. Hakuuliza. Orrin akasema hataki kumsumbua mtu. Karani akaandika.

Kesi iliendelea bila yeye. Wakubwa wakaja kupatana wenyewe, makampuni yakapunguziwa makato, kila mtu akatoa tangazo la furaha. Kuhusu kulia kwa simu hapakuandikwa neno.

Siku ile ya mahakama, wakirudi, Ardis alisimama kutia petroli. Aliweka, akarudi ndani ya gari, hakuliwasha.

"Marlys alipokuwa mgonjwa nilikupigia," akasema. "Jumamosi. Nikakuuliza anaendeleaje. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Orrin alikumbuka.

"Nikakuamini. Nikasema kama ni hivyo nifungue duka, kuna wateja, nitakwenda kesho. Nimefika kesho dada yangu kafunikwa shuka." Alikuwa anaongea polepole, bila kupandisha sauti. "Sijawahi kukuuliza. Leo nimekusikia ukisema vilevile, sauti ileile. Hukunionea huruma mimi, hukujionea wewe. Unatuua na adabu zako, Orrin."

Hakumwita shemeji. Yeye akafungua mdomo, na Mungu ndiye anayejua alikuwa anataka kutoa nini, maana kilichotoka ni kwamba petroli atalipa yeye.

Toka siku hiyo Ardis hakuandika inchi tena. Alitoboa kila siku mbele ya duka lake, maana wateja wanauliza, lakini aliandika kwa chaki ubaoni. Orrin alifungua simu, akakuta hakuna kitu, akaifunga. Alijipikia viazi, vya mtu mmoja. Kanisani alikaa benchi la nyuma akatoka kabla ya kahawa.

Mwezi wa pili asubuhi moja akachukua keekee akaenda mpaka katikati ya ziwa, mahali ambapo siku hizi hapafiki mtu, kwa sababu picha za angani zinasema samaki wako upande mwingine. Akatoboa, akapima. Akavua glavu, akaandika kwa kile kidole chake kimoja: inchi kumi na moja. Akasimama hapo kidole kinageuka chekundu. Kisha akaongeza: Ni mbaya, Ardis. Jumamosi ile ilikuwa mbaya na mimi nilijua. Hata sasa ni mbaya sana.

Akatuma.

Programu yake ina sehemu inayoonyesha waliosoma. Ilionyesha mmoja, na huyo mmoja ni yeye mwenyewe. Kule ng'ambo taa ya duka la chambo ilikuwa inawaka, Ardis yumo ndani, simu yake imelala pembeni ya mashine ya kahawa kama kawaida. Neno limeshafika humo. Lakini haliwezi kulia, Kampuni imekataza.

Barafu ilikuwa inabeba. Inchi kumi na moja unapita na gari, sembuse mzee mmoja mwembamba. Alisimama akiangalia ile taa mpaka tundu lilipoanza kuota ngozi ya barafu mpya, akavaa glavu, akabeba keekee yake, akarudi nyumbani.