Siku Mayu Alipodai Mashahidi wa Mabara

Nafundisha jiografia mjini Bariadi. Kila mwaka tukifika mada ya mabara kuachana, wanafunzi huniona natabasamu peke yangu, wakadhani naipenda mno mada hiyo. Wapi! Ninayemkumbuka ni mama yangu, mayu kwa Kisukuma chetu, ambaye sasa ametangulia, na ndiye mtu wa kwanza niliyemfundisha somo hilo. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kunitoa jasho kama yeye.

Nilikuwa kidato cha tatu, likizo ya Juni, nyumbani Sapiwi. Tulikaa barazani tukichambua pamba, safi huku, fifi iliyochafuka kule, kitabu kikiwa wazi magotini mwangu. Nyumba yetu wakati ule ilikuwa na kimya kibaya. Kaka yangu mkubwa alikuwa ameswaga ng'ombe wake kwenda Katavi kutafuta malisho, alfajiri, bila kuaga, kwa sababu baba alishamkatalia. Baba akaapa kwamba aliyeondoka bila kuaga ndiye atakayeanza kusema. Kaka naye, kichwa kile kile cha baba, akasema haombi radhi kwa kuwatafutia ng'ombe majani. Mama akabaki katikati. Akitaka kuongea na mwanawe hujificha na simu nyuma ya zizi, kama msichana mwenye mchumba. Nilimhurumia mpaka nikamchukia baba.

"Unasoma nini hicho?" akaniuliza.

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, nikamgeuzia kwa Kisukuma chetu. Nikamwambia zamani sana mabara yote yalikuwa nchi moja. Yakapasuka, yakaanza kuachana polepole kama kucha zinavyoota, bahari ikaingia katikati.

"Nani aliona?"

"Hakuna aliyeona, mayu. Kuna ushahidi."

"Haya, walete hao mashahidi."

Nikachora kwa kidole kwenye vumbi: pwani ya Brazili ilivyojitokeza, na ya Afrika magharibi ilivyobonyea, moja ikiingia kwenye nyingine. Mama akaguna. Akasema hata kipande cha kibuyu cha jirani kinaweza kukaa kwenye kibuyu chetu kilichovunjika. Nikaleta shahidi wa pili. Kuna mnyama wa kale, mfano wa kenge mdogo, aliyeishi kwenye maji yasiyo na chumvi. Mifupa yake imegeuka mawe, na imekutwa kusini mwa Afrika na kule Amerika ya Kusini. Bahari kubwa namna ile asingeweza kuivuka.

"Huyo aliibwa," mama akasema.

"Aliibwa?"

"Ng'ombe wangu akionekana kwa watu, utaniambia ardhi imesogea? Ameswagwa usiku huyo. Nyayo walizifuata?"

Loo! Nilicheka mpaka fifi nikaitupa kwenye safi. Lakini mama hakuwa anatania. Kwetu ng'ombe akipotea, yowe hupigwa, kijiji kizima kikainuka kufuata kwato, na atakayekutwa naye hana la kujitetea. Alinikazia macho akisubiri jibu. Basi nikaacha wanyama, nikashika mawe. Nikamweleza kwamba kuna miamba ya Afrika inayoishia baharini, kisha ng'ambo unaikuta tena, mawe yale yale, ya umri ule ule, yamepangana vile vile. Tena kwenye nchi zenye joto kuna majabali yaliyokwaruzwa na barafu ya kale, na mikwaruzo yenyewe huelewi ilielekea wapi mpaka uyarudishe mabara pamoja.

Barafu hakuijali. Mawe ndiyo yaliyomshika. Aligeuka akayatazama yale majabali makubwa nyuma ya nyumba yetu, akayatazama kwa muda, pamba imetulia mkononi.

"Mlima hauibwi," akasema taratibu. Kisha akaniuliza, "Sasa nani aliondoka? Sisi au wao?"

"Wote, mayu. Kila upande ulisogea."

"Hakuna aliyebaki pale pale?"

"Hakuna."

Jioni baba aliporudi na kukaa kwenye kigoda chake, mama alimnawisha mikono, akamtengea ugali, kisha akamsimulia somo zima, kenge na mawe na bahari. Sijui alilishikaje lote. Baba akacheka puani. Akasema hayo ni ya shule, yeye hajasogea popote, yuko pale pale alipoachwa na baba yake.

"Umesogea, mzee," mama akamjibu. "Ulikuwa unakula sahani moja na mwanao. Leo hata jina lake hulitaji. Bara zima limejikokota, wewe mtu mmoja unashindwa? Mkubwa jalala."

Wee! Niliinama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu ambacho sikukivaa. Sijawahi kumsikia mama akisema na baba namna ile. Baba alimega matonge mawili, akasukuma sahani, akaenda kulala.

Pamba ilipokwisha kuuzwa, asubuhi moja baba akatuaga kwamba anakwenda mjini kununua dawa ya kupe. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Dawa ya kupe na koti la kanisani, wapi na wapi? Mama alimfungia michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa, mfuko mzima, ya kumtosha mtu safari ndefu, na baba akaupokea bila kuuliza ni wa nini. Siku zilizofuata mama alifagia uwanja kila saa, hata pasipo na jani. Nami nilikuwa na hofu kubwa kwamba baba na kaka watagombana upya huko Katavi, na safari hii hapatakuwa na wa kuwasuluhisha.

Walirudi pamoja, baba mbele, kaka nyuma amebeba ule mfuko wa michembe, mtupu. Mama hakumkimbilia. Alimpokea kwa mikono miwili, akamkalisha, akamletea maji, na machozi yanamtiririka bila yeye kuyafuta. Baba alipita moja kwa moja hadi zizini. Hapo ndipo mama alipoinama na kumnong'oneza kaka, "Nani alianza kusema?"

"Baba."

"Alisemaje?"

"Nilikuwa nakamua, mayu, na ndama ananisumbua. Nikaona mtu kamvuta pembeni. Nikainua kichwa, ni baba, na koti lake. Akaniambia, 'Wewe kamua, nimemshika.'"