Plagi ya Nesta

"Sikurudi mimi! Niliachwa!" Nesta alipiga meza ya chama mpaka muhuri ukadondoka chini. "Na aliyeniacha ndiye huyo, anajifuta jasho kana kwamba kahawa yote ya Mbozi kaichuma yeye. Ndugu Katibu, plagi yangu iko wapi?"

Ulikuwa mwaka wa sabini na tatu, katika ofisi ya chama cha wakulima wa kahawa upande wa Igamba. Wanachama walikuwa wamekaa juu ya magunia matupu, wengine wamening'inia madirishani, maana habari ya ugomvi ilikuwa imetangulia tangu asubuhi.

Ndugu Katibu, jina lake Lwitiko, alikunja kitambaa chake taratibu. Alikuwa mwanamume mrefu, mwenye kaunda suti iliyonyooka na sauti ya mtu anayewasomea watoto barua.

"Dada Nesta," alisema, "hakuna anayekulaumu. Mbuga zile si mahali pa mwanamke. Ulichoka, ukaogopa jua, ukapanda lori ukarudi. Ni ubinadamu."

"Lori gani? Nimefika hapa juu ya pikipiki yangu, siku sita, peke yangu!" Nesta akafungua fundo la kanga, akatoa plagi nyeusi, akaitua mezani. "Hii ni yako, imekufa. Yangu umeondoka nayo, na nimeikwaruza herufi N kwa msumari kama ninavyokwaruza kila kitu changu. Pikipiki yake iko hapo nje. Ifunguliwe tuone!"

Watu wakageuka kutazama nje. Katibu hakugeuka.

"Pikipiki ya chama haifunguliwi bila kibali cha kamati," alisema.

"Na kamati inakaa lini?"

"Mwezi ujao."

Wakacheka. Hawakuwa na ubaya, ila walicheka, na kicheko hicho Nesta alikibeba miaka kumi na mmoja.

Sasa huyu Nesta alikuwa nani? Alikuwa bibi shamba. Kazi yake kuwafundisha akina mama kuchuma kahawa iliyoiva tu, kuiosha, kuianika. Serikali ilikuwa imempa Honda kuukuu, akaipanda kwa suruali chini ya gauni, na wazee wa kanisa wakajadili suruali hiyo vikao viwili wasiafikiane. Hakungoja waafikiane. Pikipiki ilipoharibika aliifungua mwenyewe chini ya mti wa mparachichi, akatandaza vyuma juu ya mkeka kama mtu anayeanika ulezi, akavirudisha kimoja kimoja.

Mwaka ule chama kiliamua kupeleka watu wanne Moshi, wakaone wenzao wanavyopanga kahawa kwa madaraja. Basi lilikuwapo. Lakini Katibu alikuwa amepata Honda mpya ya chama, akataka aonekane nayo, kwa hiyo ikawa safari ya pikipiki: Katibu mbele, nyuma yake Yahaya, mfanyabiashara wa Tunduma aliyejitolea mafuta, kisha Mzee Jairo, mkulima na mzee wa kanisa, na mwisho kabisa Nesta, kwa sababu spana na pampu alikuwa nazo yeye. Sheria waliyowekeana ilikuwa moja. Kila mtu ana wa nyuma yake. Usipomwona, simama. Asipokuja, rudi.

Lami iliwafikisha Iringa bila neno. Kuanzia hapo ni vumbi, Dodoma vumbi, Kondoa vumbi, meno yote mekundu. Walipolala Babati, Katibu akataka kuonyesha watu wa nyumba ya wageni kwamba naye ni fundi. Akafungua plagi yake, akaipuliza, ikamponyoka ikagonga jiwe. Nesta aliiokota. Kwenye kile kigae cheupe aliona ufa mwembamba kama unywele.

"Ndugu Katibu, hii itakusumbua ikipata moto."

"Inawaka au haiwaki?"

"Inawaka ikiwa baridi."

"Basi inawaka."

Kesho yake walizishika mbuga za kaskazini, nchi iliyolala kama imepigwa pasi, hakuna kilima cha kuegemeza jicho, mbali kule pundamilia wamesimama ndani ya mvuke wa jua. Plagi yenye ufa ikapata moto. Pikipiki ya Katibu ikakohoa, ikazima. Ikipoa inawaka, inakwenda maili moja, inazima tena. Mara ya nne Katibu akawapungia mkono Yahaya na Jairo. "Tangulieni! Mkatafute mafuta Makuyuni. Mimi na Dada Nesta tunakuja."

Wakatangulia. Hapo sheria ikavunjwa, na aliyeivunja ndiye aliyeitunga.

Katibu akamgeukia Nesta. Pikipiki zao zilikuwa za aina moja. "Nipe plagi yako nifike Makuyuni. Nanunua mbili, narudi. Ndani ya saa mbili niko hapa."

"Kwa nini nisiende mimi?"

"Hati za safari na barua ninazo mimi. Wewe mwanamke peke yako, watakuuliza maswali mpaka kesho."

Nesta akampa. Hapo ndipo alipokosea, na hajawahi kujificha kwamba alikosea. Aliifungua kwa mkono wake, ingali ya moto, akamfungia kwa spana yake. Katibu akapiga kiki, pikipiki ikaimba, akaondoka na hati, barua na chupa ya maji.

Saa mbili zikapita, na mbili nyingine. Aliijaribu ile yenye ufa, kwa joto lile ikakataa. Jua lilipoinama akaanza kusukuma. Alisukuma pikipiki ile mpaka kambi ya vibarua wa barabara, mikono imechunika, ulimi umegeuka ngozi, na mke wa msimamizi akamnywesha uji kijiko kwa kijiko kama mtoto mchanga. Siku ya tatu dereva wa lori la vitunguu akamwachia plagi ya zamani aliyokuwa nayo kwenye kopo. Nesta akatazama kaskazini, akatazama kusini. Bila hati, Moshi angekwenda kuwa nani? Akageuza. Babati, Kondoa, Dodoma, Iringa, Mbeya, peke yake, akilala kwenye zahanati na kwa mapadre.

Alipoingia Igamba, wenzake walikuwa wamekwisha kufika kwa njia ya pwani, pikipiki zimepakiwa kwenye lori, na maneno yalikuwa yamekwisha kukaa vitini: alichoka, akaogopa jua, akapanda lori akarudi.

Na lori lina dereva. Hapo ndipo neno dogo lilipoota mkia. Nesta alikuwa mchumba wa Watson, mwalimu wa Itaka. Mama yake Watson, Bibi Loisi, alikuja mwenyewe na mwavuli wake. "Mwanangu," alisema, "siku tisa njiani, na madereva. Mimi sisemi kitu. Ila wale ng'ombe wawili wa mahari tutawafuata Jumamosi." Watson hakuja hata kuwafuata ng'ombe.

Nesta hakulia mbele ya mtu. Aliacha Igamba, akahamia Mpemba, kando ya barabara kuu. Ile Honda kuukuu ilipouzwa aliichukua. Kisha ikaja miaka ile ya foleni, sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na plagi hata foleni haikuwapo. Hapo Nesta akawa mtu. Alizisugua plagi zilizotupwa kwa mchanga na petroli, akazipima mwanya kwa wembe, zikafufuka. Madereva kutoka upande wa Zambia walisimama kwake, wakamwamkia kwa Kibemba, "Mulishani, Ba Nesta!", wakamwachia moja moja.

Plagi moja tu hakuiuza. Ile yenye ufa kama unywele. Aliiweka kwenye kopo la chumvi, juu ya kabati.

Na kila Lwitiko alipopita Mpemba, Nesta aliacha lolote analofanya, akatoka mpaka ukingoni mwa lami na mikono yake ya grisi, akapaza sauti: "Plagi yangu!" Basi. Watoto wa Mpemba walijifunza. Mwishowe Katibu alikuwa akipita pale ameinamia usukani, na mtaa mzima unaimba plagi yangu, plagi yangu. Pikipiki yake aliipeleka kutengenezwa Mbeya, mbali vile, kuliko kusimama kwa Nesta.

Mwaka wa themanini na nne, siku tatu kabla ya Sabasaba, alisimama.

Alikuwa amechaguliwa kuongoza msafara wa pikipiki tisa kutoka Tunduma mpaka Vwawa kumpokea mgeni wa sherehe, na plagi yake ilikuwa imekufa. Yahaya alikuwa amemwambia, "Nimeuliza Tunduma nzima na ng'ambo ya mpaka. Iko kwa Nesta tu."

"Hodi, Dada Nesta."

"Karibu, Ndugu Katibu. Umeniletea?"

Akajifanya hakusikia. "Nina shida ya plagi."

"Hata mimi. Mwaka wa kumi na moja huu."

"Dada, yale ni mambo ya zamani. Nisaidie kwa ajili ya taifa."

Nesta akamtazama kutoka viatu mpaka mvi. Akaingia ndani. Akashusha kopo la chumvi.

"Ni ya zamani," alisema, akiifunga kwenye kipande cha gazeti, "lakini inawaka."

"Nikupe nini?"

"Mimi na wewe hatudaiani hela."

Siku ya Sabasaba ilikuwa baridi, na pikipiki ya Katibu iliwaka kwa kiki ya kwanza. Akashika mbele na bendera yake. Nesta, aliyeitwa kuwa fundi wa msafara, alikuwa wa mwisho, na spana zake, kama zamani. Walipita Mpemba, na leo watoto hawakuimba kwa sababu Nesta alikuwa amewakataza. Alikuwa akihesabu vilima. Kwenye cha kwanza, hakuna neno. Kwenye cha pili, pikipiki ya mbele ikakohoa mara moja. Cha tatu ikafa.

Katibu akasogea ukingoni, akapunga bendera. "Tangulieni! Mgeni asingoje!"

Maneno yale yale. Nesta hata hakuwa ameyaomba.

Wote wakapita. Nesta akasimama kando yake, hakuzima injini.

"Dada Nesta, afadhali wewe. Nipe yako nifike Vwawa, halafu nitume mtu—"

"Ndani ya saa mbili?"

Midomo ya Katibu ilikauka pale pale, na Nesta akaitazama ikikauka, akaona raha ambayo hata kahawa ya asubuhi haijawahi kumpa. Akatia gia.

Uwanjani Vwawa mshereheshaji alikuwa akiuliza kwenye kipaza sauti kiongozi wa msafara yuko wapi. Nesta akapanda jukwaani na vumbi lake.

"Ndugu wananchi," alisema, "Katibu alichoka, akaogopa jua, akapanda lori akarudi. Ni ubinadamu."

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Yahaya alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Mzee Jairo, pale alipokaa na wazee wenzake, hakucheka. Aliinua kichwa kama mtu aliyesikia sauti ya marehemu.

Saa saba Katibu akaingia akisukuma pikipiki, kaunda suti imekuwa rangi ya udongo, viatu mkononi.

"Karibu uliyerudi!" mtu akapiga kelele.

"Sikurudi!" Sauti ilimpasuka. "Nimesukuma! Nimesukuma kutoka kilima kile mpaka hapa!"

"Lori limekushushia wapi?" wakazidi kucheka.

Akazunguka akitafuta mtu mmoja wa kumwamini, macho yake yakaishia kwa Nesta. Yeye alikuwa ameketi kwenye benchi, anakula karanga.

Lakini karanga zile zilikuwa zimeanza kukosa utamu. Kumbe walikuwa wakimcheka Lwitiko tu. Hakuna aliyesema, basi hata Nesta hakurudi. Jina lake lilikuwa bado liko ndani ya lile lori la mwaka wa sabini na tatu. Alimeza karanga moja kama jiwe.

Ndipo Mzee Jairo akainuka na fimbo yake, akamfikia Lwitiko karibu kabisa. "Haya maneno ya lori ni yako," alisema. "Ulituambia sisi Makuyuni, neno kwa neno. Lwitiko, mwaka ule nani alisukuma?"

Lwitiko akaigeuza pikipiki, akaondoka akiisukuma.

Alijibu Jumapili iliyofuata. Alikuja Mpemba mchana kweupe, na alikuwa amewaleta Jairo na Yahaya kwa hiari yake mwenyewe. Nesta alikuwa uani akipepeta maharage. Hakuwapa viti. Jairo peke yake alipewa kigoda, kwa umri wake.

Lwitiko akatoa plagi mfukoni, akaiweka juu ya jiwe la uani. "Niliifungua njiani," alisema. "Nikaona ufa. Nikajua ni yangu ya Babati."

"Umechelewa kuijua," alisema Nesta.

Lwitiko akatoa nyingine, imefungwa kwenye bahasha ya chama, akampa Mzee Jairo. Jairo akaisogeza juani, akaifuta kwa kidole gumba. Herufi N ilikuwa pale, imepinda mguu mmoja, kama msumari ulivyoikwaruza.

"Niliitoa siku ile ile ya kikao," alisema Lwitiko. "Kuitupa nilishindwa. Makuyuni hawakuwa na plagi, Dada Nesta. Nikasema nifike Arusha. Pale pale hawa wakaniuliza uko wapi, nikaona haya kusema kiongozi ameokolewa na mwanamke. Nikalisema lile. Halafu likawa limeshasemwa."

Yahaya alikuwa ameinamisha kichwa. "Na sisi hatukurudi kumtazama wa nyuma," alisema kwa sauti ndogo.

"Hamkurudi," alisema Nesta.

"Nitayasema haya kanisani," alisema Jairo, "na Itaka nitakwenda mwenyewe."

"Itaka usijisumbue, Mzee. Watson ana watoto sita. Sema Igamba."

Akaichukua plagi yake. Akaipima mwanya kwa wembe, akainama kwenye Honda kuukuu akaifunga, wote watatu wakimtazama. Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, moshi. Ya tatu injini ikashika, ikakwamakwama, ikatulia.

Aliisikiliza kidogo, kisha akaizima.

"La plagi limekwisha, Ndugu Katibu," alisema, akarudi kwenye ungo wake. "Yako usiisahau hapo juu ya jiwe."