Fundi Msabah na Vumbi la Asbesto

Msabah alikuwa fundi wa kuvisha mabomba ya mvuke. Kiwanda chao kilikuwa Malindi ya Unguja, karibu na gati, na meli za moshi zilizoharibika mitambo zilitengenezwa hapo. Bomba la mvuke likiachwa uchi huunguza watu na kupoteza joto, kwa hiyo huvishwa asbesto: unga mweupe unaokorogwa na maji ndani ya pipa, ukapakwa kwa mikono kama udongo wa kukandikia ukuta. Kupaka hakukuwa na taabu. Taabu ilikuwa kubandua ile ya zamani iliyokwisha kukauka. Mnajifungia ndani ya chumba cha mashine, mnapiga nyundo, unga unajaa mpaka mwenzako aliye karibu humuoni. Msabah alijifunga kitambaa puani. Kikilowa jasho, alikivua.

Mapinduzi yalipokuja, mwaka wa sitini na nne, wenye kiwanda waliondoka na serikali ikakichukua. Msabah aliendelea na kazi. Mabomba yalikuwa yale yale.

Miaka mitatu baadaye pumzi ilianza kumpungukia. Kwanza kwenye ngazi za meli, kisha njiani kwenda msikitini, kisha hata akivaa shati. Alitibiwa kifua kikuu, dawa hazikufaa kitu. Mwisho daktari mmoja mgeni alimpiga picha ya kifua, akamuuliza kazi yake kupitia mkalimani, akasema mapafu yameota makovu kwa vumbi la asbesto.

"Na dawa yake?" aliuliza Wanu, mkewe.

Mkalimani alimuuliza daktari, kisha akamgeukia Wanu. "Anasema aiache kazi hiyo. Dawa hakuna."

Msabah alisema ahsante. Njia nzima ya kurudi nyumbani Kikwajuni Wanu alilia, na Msabah akasimama kwa muuzaji kuchagua muhogo wa chakula cha usiku. Kesho yake akenda kazini.

Wanu ndiye aliyekwenda mtaa wa Mkunazini kwa Bwana Muhiddin, mzee aliyekuwa wakili tangu enzi ya Waingereza na sasa akikaa nyumbani tu.

"Sitaweza kuingia naye, Bi Wanu," alisema Muhiddin. "Malalamiko ya wafanyakazi yanasikilizwa na kamati, na kamati haitaki mawakili. Lakini nnaweza kumfundisha la kusema."

"Huyu hasemi kitu. Hata mimi hanambii."

"Basi tutampa maneno machache." Wanu alikohoa, na Muhiddin akamtazama. "Nguo zake za kazi nani anazifua?"

"Mimi. Nazikung'uta uani kwanza, maana hujaa unga."

"Basi nawe umeuvuta," alisema Muhiddin. "Sheria inamjua mfanyakazi, Bi Wanu. Anayemfulia haimjui."

"Basi tuzungumze yake," alisema Wanu.

Wiki kadhaa Msabah alikwenda Mkunazini baada ya kazi. Muhiddin alimwambia, "Maradhi yaliyotokana na kazi ni sawasawa na mkono uliokatwa na mashine. Huendi kuomba sadaka. Unadai haki." Msabah aliitikia naam, akarudia maneno kama alivyofundishwa, uso wake hauoneshi lolote.

Kamati ilikaa ghorofani, na Wanu alikwenda naye. Mpaka Msabah amalize ngazi, sauti ilikuwa imekwisha. Mwenyekiti alimwambia aseme. Alifungua kinywa, ikatoka pumzi tu. Meneja mpya wa kiwanda akasimama, akasema mambo hayo ni ya wenye kiwanda wa zamani, na vumbi lenyewe lilikuwa dogo. Akamwita shahidi wake, Ame, msimamizi wa mafundi, aliyeanza kazi pamoja na Msabah wakiwa vijana.

"Vumbi lilikuwa dogo?" aliuliza mwenyekiti.

Ame alimtazama Msabah kitini. "Nliambiwa niseme dogo," alijibu. "Lakini tulikuwa wanne tunaobandua. Pandu kafa. Mabrouk kafa. Huyu mnamuona. Wa nne ni mimi, na mimi siku hizi nnalala nimekaa."

Kamati ikaamua Msabah aachishwe kazi na alipwe kila mwezi maisha yake yote, na kuanzia hapo asbesto iloweshwe maji kabla haijabanduliwa. Wanu alijishika uso kwa mikono miwili. Msabah aliuliza kwa sauti iliyokwaruza, "Nyundo nimkabidhi nani?"

Chini ya ngazi Ame alimsubiri.

"Nisamehe, Msabah. Ningesema zamani."

"Nikusamehe lipi?" aliuliza Msabah. Hakuwa akimkejeli. Aliuliza kwa sababu hakuona la kusamehe, wala hakuona la kufurahia.

Ame alivuliwa usimamizi mwezi ule ule. Muhiddin alimfundisha naye, na madai yake yakakubaliwa bila ya maneno mengi.

Msabah na mkewe walihamia kijijini Kizimbani kwa kaka yake Wanu, mfanyakazi wa shamba la serikali. Asubuhi Msabah alitolewa akawekwa barazani. Wachumaji karafuu wakipita walimsalimia, naye alinyanyua mkono. Wanu akimuuliza kama hewa ya huku inamfaa, alijibu, "Sijui." Alikufa mwaka wa sabini na mbili, katika Ramadhani, mchana.

Ame alikuja mazikoni. Alitaka kubeba jeneza, akalishika mguu mmoja, akenda nalo kidogo, akaliachia, pumzi imemwisha. Mtu mwingine akashika nafasi yake.