Kizibo cha Injini Mkononi Mwangu

Nikisikia harufu ya mafuta machafu ya injini kwa mafundi wa pikipiki, namkumbuka Papa akifanya vidanje uani, yaani kubadilisha mafuta ya injini ya gari yetu ya jipu. Mafuta ya zamani yaliingia kwenye beseni, tuyapake nguzo za nyumba mchwa wasile. Mimi, binti yake, nilishika kizibo cha tundu la chini ya injini. Jirani akaja, wakapiga hadithi, Papa akasahau, akaanza kumimina mafuta mapya. Tulikuwa na bido moja tu ya mafuta hayo, na kesho yake jipu ilipaswa kufikisha maharagwe sokoni. Niliogopa kukatiza wakubwa. Mwishowe nikanong'ona, "Papa, kizibo iko kwangu."

Aliingia chini ya gari mbio, akaziba tundu kwa kidole, akicheka. "Na nyumba ikiungua, utangojea wageni waende?"

Toka siku hiyo, kabla ya kumimina, aliniuliza, "Mama, nimimine?"