Nilimtungia Baba Mkwe Msikilizaji wa Buffalo

Msinitafute jina. Mkilijua, Louisville nzima itacheka upya, na safari hii sina pa kujificha. Nimekosa, na nakiri. Nilimzulia baba mkwe wangu mtu ambaye hayupo duniani, nikampa mtaa na mji wa kukaa, kisha nikamtumia huyo mtu kumuumiza mzee wa watu. Jamani! Na asubuhi ya siku niliyomuumiza nilikuwa nimesoma Neno kanisani, nimevaa tai.

Mimi na mke wangu ni watu wa milima ya Kivu ya Kusini. Tunaishi Louisville, na kazi yangu ni kupanga maboksi kwenye ghala kule Jeffersontown. Mwaka 2015 baba mkwe alitufuata kutoka kambi ya wakimbizi, akapewa nyumba mlango wa pili kutoka kwetu. Kule kwetu mzee alikuwa msemaji. Ukitaka kuposa, unamtafuta yeye akuongelee. Akisimama harusini kusema, hata watoto wachanga wananyamaza.

Alipofika Amerika akanyamaza yeye. Wajukuu wanamjibu Kiingereza. Ofisini anaweka saini pale anapoonyeshwa kwa kidole. Mimi, mkwe wake, namjibu "ndiyo baba" na basi. Miezi mitatu alikaa dirishani akitazama magari ya watu.

Kilichomrudishia sauti ni besiboli. Msicheke! Mpira wa miguu una haraka, ukifungua mdomo tu goli limeingia. Besiboli inampa mtu nafasi. Mrushaji anashika mpira, anatema mate, anapanga kofia, anatazama kushoto, anatazama kulia, anatema tena. Mzee alikuwa anamaliza hadithi nzima kabla mpira haujarushwa.

Alianza kutangaza mechi za televisheni peke yake sebuleni kwake. Siku moja mke wangu alikuwa pale akiongea kwa simu na Mama Furaha, mama wa kwetu anayeishi Linden, kule Columbus. Mama Furaha akasikia ile sauti kwa mbali.

"Ni nani uyo anasema vile? Acha simu wazi nisikie! Eee, acha wazi!"

Ndivyo tulivyoingia kwenye laini ya maombi. Makanisa yetu mengi huku yanayo. Unapiga namba, unabonyeza tarakimu zenu, mnakuwa watu hamsini wa miji mitatu ndani ya simu moja, mnaomba. Jumapili alasiri laini ile ilikuwa imelala tu. Mchungaji akaturuhusu tuitumie, mradi tumalize kabla ya maombi ya jioni. Na timu za Louisville, Columbus na Buffalo zinakutana kila mara, kwa hiyo kila mechi ilikuwa ugomvi wa ukoo.

Sasa mwone studio yetu. Kwetu mkwe hakai kochi moja na baba mkwe. Hali chakula mbele yake. Hamkatizi maneno. Mzee akakaa kwenye kochi mbele ya televisheni, mimi kwenye kiti cha jikoni karibu na mlango, simu katikati juu ya kigoda. Watangazaji wawili na umbali wa mita tatu!

Televisheni tuliizima sauti. Mzee hajui Kiingereza, lakini wale watangazaji wa Kiamerika aliwasikiliza Jumapili mbili nzima, akatoa hukumu.

"Uyu wa sauti nene hamusikiaki mwenzake. Anangojaka tu amalize. Na uyu mwingine anacheka bure, hakuna kitu ya kucheka. Bale bantu babili habasikilizane. Bon, funga."

Mimi ndiye niliyekuwa najua sheria za mchezo. Rafiki yangu Mmarekani pale ghalani alinifundisha saa za chakula, nikaandika kila kitu kwenye daftari. Mzee hakuzijua na hakutaka kuzijua. Wale walimu wanaosimama karibu na vituo vya kukimbilia, wanaowapungia wakimbiaji mikono, alisema ni wakwe wa mchezaji, wamekuja kuangalia kama kijana anaweza kazi. Mchezaji akizunguka vituo vyote akarudi kituo cha nyumbani, mzee anasema ng'ombe ameingia zizini.

Siku moja mechi ikasimama. Wanaume watatu wakakusanyika katikati ya uwanja, wamefunika midomo kwa glavu, wananong'ona. Mzee akashusha sauti kabisa.

"Donc, hapa tunyamaze kidogo. Bako banazungumuza mahari."

Laini ilipofunguliwa, watu walikuwa bado wanacheka! Watu walikuwa wanapiga kutoka kazini ili tu kumsikia. Wakati wa mechi wasikilizaji walifungiwa sauti, mwisho tulikuwa tunafungua laini kwa maoni, na maoni yote yalikuwa mzee, mzee, mzee.

Tatizo lilianza siku Columbus iliposhinda. Mzee akatangaza kwamba Louisville ndiyo imeshinda, akatoa na sala ya shukrani. Linden wakaanza kuomboleza, Louisville wakapiga vigelegele. Mimi nimekaa na daftari langu. Mkwe atamwambiaje baba mkwe kwamba amekosea, tena mbele ya miji mitatu?

Nikaitazama simu yangu ya mkononi kama mtu aliyepokea ujumbe. "Baba," nikasema, "kuna musikilizaji mumoja wa Buffalo, mutaa wa Riverside. Anaandika anasema, kwa heshima yote, Columbus njo balishinda."

Mzee akaisogelea simu. "Ah bon? Aksanti yake. Columbus, mufurahi."

Ilikuwa rahisi hivyo! Na mimi nikanogewa. Kila Jumapili yule mtu wa Riverside akaandika. Alimsahihisha mzee juu ya vituo, juu ya mwamuzi, juu ya mpira uliotoka pembeni. Mzee akaanza kumsalimia kabla ya mechi: "Namusalimia ule mutu wa Riverside, mwenye akili." Nilijisikia mwerevu kupita kiasi.

Kisha ikaja Jumapili yenyewe. Kwenye maoni, Mama Furaha akashika laini.

"Muzee, aksanti sana, umetufurahisha. Lakini Mukwe, unisamehe, weye unasemaka kama mutu anasoma matangazo ya kanisa. Muache muzee aseme, weye utuambie tu hesabu."

Watu wakacheka. Mke wangu, aliyekuwa jikoni, akacheka pia! Moyo ukaniuma kweli kweli. Mimi niliyejifunza! Mimi mwenye daftari! Niliona wivu, nauandika hapa bila kuufunika: nilimwonea wivu mzee wa miaka sabini ambaye hakuwa na kitu kingine Amerika nzima.

Nikaishika simu yangu. "Baba, ule wa Riverside ameandika tena. Anasema..." Hapo ningeweza kunyamaza. Sikunyamaza. "Anasema muzee hajui huu muchezo. Angeacha kusema mambo ya ngombe, mwenye anajua njo aseme."

Mzee alijipangusa magoti kwa viganja. "Amesema kweli," akasema. "Aksanti yake."

Jumapili iliyofuata akakaa kwenye kochi lake, mdomo umefungwa. Nikatangaza peke yangu. Oo, nilitangaza vizuri! Sheria zote, hesabu zote, hakuna kosa hata moja. Laini ile mtu akitoka inalia "tii". Tii. Tii. Tii-tii. Kufikia katikati ya mechi ilikuwa inalia mfululizo. Tulianza watu zaidi ya arobaini, tukamaliza watatu, na mmoja wao alikuwa amelala, tulisikia anavyokoroma.

Nilidhani mzee atapumzika wiki moja kisha arudi. Lakini alinyamaza kila mahali. Kanisani walimwomba aongoze sala, akatikisa kichwa. Mbele ya wajukuu, hivyo hivyo. Akarudi dirishani kwake. Mke wangu akanishika mkono usiku mmoja wa wiki hiyo, machozi yanamlenga. "Baba hasemi tena. Unamuona? Alikuwa amerudi, sasa ameenda tena." Na mimi nikasema labda ni baridi. Baridi, mwezi wa saba!

Kumbe mzee alikuwa na mpango wake. Alhamisi akabisha hodi kwetu, kavaa koti lake la harusi, mkononi ameshika kidumu cha maziwa ya mgando aliyoyagandisha mwenyewe siku mbili.

"Mukwe, unipeleke Buffalo. Nataka kusalimia ule mutu."

"Mutu gani, baba?"

"Wa Riverside. Toka nimefika huku, kila mutu ananiambiaka ndiyo. Ndiyo muzee, ndiyo baba. Batu banakuambia ndiyo kama unakuwa mutoto ao mufu. Uyu mumoja tu njo aliniambia hapana. Nataka akuwe rafiki yangu."

Ndugu zangu, niliposikia hivyo nilitamani sakafu inimeze. Lakini nilisema nini? Nilisema, "Ndiyo baba."

Tukaondoka Jumamosi, mimi usukani, mzee nyuma na kidumu chake amekipakata. Kutoka Louisville mpaka Buffalo ni safari ya kutwa. Kila kilomita nilijiambia nitasema kwenye kituo cha mafuta kinachofuata. Vituo vya mafuta vikapita. Nikawaza kumtafuta mtu wa Buffalo ajifanye ndiye yeye. Nikawaza kusema mtu huyo amehamia Canada. Nikaomba gari liharibike. Gari langu, ambalo huharibika kila mwezi, siku hiyo liliimba tu!

Tulipumzika Linden, kwa Mama Furaha, ambaye mke wangu alikuwa amemwarifu. Sebule ilikuwa imejaa wasikilizaji waliokuja kumwona mzee kwa macho. Mama Furaha akaweka chini ugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki, kisha akasimama amejishika kiuno.

"Sasa munisikie. Nimepiga Buffalo yote. Riverside kule bantu betu ni bachache, na hakuna hata mumoja mwenye anamujua uyo mutu. Sasa banaanza kushukiana! Kuna baba mumoja hata hawamualike tena mu mikutano, eti njo yeye alimutukana muzee. Mukwe, uyo mutu alikuandikia na namba gani? Leta simu yako tumupigie, tumwambie muzee eko mu njia."

Akanyoosha mkono. Watu wote wakanitazama. Mzee naye akanitazama, kidumu mapajani, uso umejaa furaha kama bwana harusi. Uso ule ndio ulionishinda.

Nikapiga magoti, pale pale kwenye zulia, na mkono mmoja ukaingia kwenye bakuli la sombe. "Baba, hakuna mutu Riverside. Ule mutu ni mimi."

Mama Furaha akasema "Yesu wangu!" akakaa chini.

Nilingoja mzee anilaani. Nilingoja aseme nimrudishe kwao binti yake.

"Ulikuwa nyuma ya mugongo yangu," akasema polepole, "mita tatu. Ukaenda mpaka Buffalo kutafuta mudomo ya kuniambia?"

Nikautoa mkono kwenye bakuli.

"Na ile ya ngombe. Nayo ulikuwa weye?"

"Njo mimi, baba. Niliona wivu. Bantu banakupenda, mimi banasema niko matangazo ya kanisa."

Hapo mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia, akacheka. Kisha wa pili. Kisha sebule nzima, na mimi nimepiga magoti na sombe mkononi! Mzee hakucheka. Aliinuka, akampa Mama Furaha kile kidumu cha maziwa.

"Kamata, mama. Na weye uniambie kweli. Nasemaka uongo juu ya ule muchezo?"

"Muzee," akasema Mama Furaha, "unadanganya kabisa! Bale si bakwe! Toka siku ya kwanza nataka kukuambia, lakini mu mechi laini ilikuwa imefungwa, na kisha mechi kila mutu anakusifu tu!"

Na mzee akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Miaka tisa nimeoa binti yake, sikuwahi kusikia kicheko kile.

Buffalo hatukufika. Jumapili nikaungama kwenye laini, miji mitatu ikisikiliza, nikamwomba radhi yule baba wa Riverside aliyesingiziwa bure. Alinisamehe baada ya kunisema dakika ishirini, nazo zote zilisikika.

Sasa mtangazaji wa pili ni Mama Furaha. Yeye yuko Linden na televisheni yake, mzee yuko Louisville na yake, wanakatizana kila sentensi. "Muzee, hapana!" "Mama, acha nimalize!" "Humalizi, unadanganya!" Wasikilizaji wanasema watu wawili hawajawahi kuendana namna hiyo. Mchungaji imebidi asogeze maombi mbele.

Laini haifungwi tena, na mimi nimebakiziwa kazi ya kunyamazisha laini ya kila anayepiga kelele nyumbani kwake. Mke wangu amenisamehe, ila nikimwambia nimepata ujumbe kwenye simu anauliza kwanza kama mwandishi yupo hai.

Jumapili iliyopita nilijaribu. Mzee alisema mchezaji ametolewa, na hakuwa ametolewa. Nikasema, "Baba, hapana. Ule hajatoka." Mzee akageuka kunitazama. "Eleza," akasema. Nikaeleza, bila daftari. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Uko na makosa," akasema. "Lakini nimekusikia."

Nilikuwa sahihi! Hata Mama Furaha alisema niko sahihi! Lakini niliondoka pale nimefurahi kuliko siku niliyopata kazi.

Kwa hiyo ninyi mlio na wakwe na wazazi, tafadhali. Mheshimuni mzee, mpigieni magoti, msile mbele yake kama ndivyo mlivyolelewa. Lakini akikosea mwambieni kwa mdomo wenu, maana yupo hapo karibu na anangoja mtu wa kubishana naye. Mimi nilimnyima hilo, na ndiyo maana leo wenzangu wanatangaza besiboli, na mimi nazima simu za watu wanaokaanga samaki.