Kidirisha Kilichobadilika Sura

Baba yangu alikuwa Mwamba, mama yangu Ngoie, nilizaliwa kijiji cha Kamatanda. Andika hivyo kwanza, mjukuu wangu.

Miaka ile kazi za kiwanda cha Panda zilipokuwa zikifa, nilitunza ghala la unga wa wafanyakazi. Sikujua kusoma, nami nilificha. Kompyuta ya ghala ilipouliza jambo, kidirisha kilitokea kwenye skrini na vitufe viwili. Nilikariri: cha kushoto huhifadhi orodha ya majina, cha kulia huifuta.

Kisha fundi akaweka programu mpya. Vidirisha vikaharibika: rangi ilitoweka, vitufe vikabadilishana mahali. Fundi alinionya nisome kabla ya kubonyeza. Kwa kiburi nikabonyeza cha kushoto. Majina yote yakafutika, na bila jina hakuna unga.

Wajane wa wafanyakazi walikuwa wamepanga mstari mlangoni shefu, mkubwa wangu wa kazi, alipokuja, akakifungua tena kidirisha kile.

“Papa, kinauliza nini?”

“Kinauliza kama nihifadhi.”

“Tusomee basi, neno kwa neno.”

Nikakikodolea macho kidirisha. Mama Feza, mjane wa kwanza mstarini, akachungulia uso wangu.

“Kumbe Papa, weye haujue kusoma! Sasa batoto yetu batakula nini leo?”

Mjukuu wangu, visingizio vyangu vyote vitupe. Swali la mama yule liweke kama alivyolisema, kwa maana sikulijibu.