Jiko Lisilofunguka

Mtaani walimwita Mama Pini, kwa sababu hukuweza kumkuta kwenye cherehani midomo yake ikiwa mitupu. Pini zilijipanga pale kama meno ya ziada, naye aliweza kukusalimia, kukuuliza hali ya mgonjwa wako na kukusema kwa kunenepa bila hata moja kudondoka. Alishonea kwenye chumba cha mbele kinachotazama barabara. Nyuma yake kulikuwa na chumba cha kulala na jiko jembamba ambalo wakiingia watu wawili, mmoja hana budi kutoka kinyumenyume. Siku hizi hakukuwa na wa kutoka.

Watoto wake walikwisha kuondoka, kila mmoja na njia yake, na baba yao alitangulia kaburini zamani. Hata wateja hawakuja kama walivyokuwa wakija. Zamani mtu alikuja kupimwa, akakaa, wakaongea mpaka utepe wa kupimia ukasahaulika shingoni. Sasa wanamtuma mtu wa pikipiki na gauni la zamani ndani ya mfuko: "Kama hili, ila la bluu." Mama Pini anashonea mwili ambao hajauona. Jioni anapika, na mkono wake umekataa katakata kujifunza kupikia mtu mmoja. Wali unabaki, kesho anaupasha, keshokutwa anaupasha tena, mpaka wali wenyewe unaona haya.

Alichokitaka kilikuwa kimoja tu: aachiwe mjukuu.

Binti yake, kitinda mimba, alikaa mitaa michache kutoka hapo na alifanya kazi ya zamu kwenye kiwanda cha biskuti. Alikuwa na mtoto wa kike ndiyo kwanza anaanza kuunga maneno, mnene wa mashavu, waliyemwita Kibonge. Siku za zamu Kibonge alipelekwa kwa mama mmoja mlezi wa watoto ambaye kila mtu alimwita Mwalimu. Mama Pini akienda kununua uzi hupita nje ya ukuta wa Mwalimu, husikia watoto wanavyopiga kelele ndani, husimama akijifanya anafunga kamba za viatu. Na miguuni ana ndala.

"Bibi yupo mzima, mtoto anapelekwa kwa watu," alimwambia binti yake mara nyingi. "Watu watasemaje?"

"Watasema ana mahali pa kuchezea, Mama."

Maana Mama Pini aliwahi kuachiwa mtoto, siku moja. Binti alirudi kutoka kazini akamkuta Kibonge, na miguu yake minene, amefungwa mgongoni kwa kitambaa huku bibi akikanyaga cherehani. Na amekaa huko tangu asubuhi, isipokuwa wakati wa kula.

"Mama! Huyu ana miguu!"

"Na mimi nina pasi ya moto, nina mikasi, nina pini. Nimwachie aende wapi?"

"Ndiyo hicho ninachosema. Kwako hakuna kitu mtoto anaweza kugusa. Mimi mwenyewe humu nimekua na neno moja: acha. Acha hiyo, acha hapo, acha!"

Mama Pini akarudi kukanyaga cherehani. Lakini lile neno la kugusa lilimkaa kama mwiba wa samaki kooni.

Basi siku moja, kwenye duka anakonunua vifungo, akaliona. Lilikuwa dirishani, jiko la kuchezea la mbao, urefu wake unafika kiunoni mwa mtu mzima. Lina sinki dogo na bomba lake, lina duara mbili nyeusi zilizochorwa kama plati za umeme, lina swichi za kuzungusha zinazolia *ka, ka*, na chini lina oveni yenye mlango wa kufungua na kufunga. Pembeni kulikuwa na ndoano za kutundikia sufuria na upawa. Alisimama pale mpaka muuzaji akamwuliza kama anajisikia vibaya.

"Hili mtoto anaweza kugusa?" akauliza.

"Mama, hili kazi yake ndiyo hiyo."

Alilipata kwenye boksi bapa, akalibeba kichwani mwenyewe, hakutaka mtu wa pikipiki aligonge. Jirani yake wa mlango wa pili, Msusi, alitoka na kitana mkononi.

"Mama Pini, umeoa? Naona kitanda kinaingia."

"Ni jiko."

"Jiko la boksi?"

"La mbao. La kuchezea, la mjukuu."

"Jiko la mbao! Na likishika moto?" Msusi akacheka mpaka mteja wake ndani akaita. "Haya, akija unishtue nije kula."

Akafunga mlango wa mbele, jambo ambalo hakulifanya mchana hata siku moja, akamwaga vipande sakafuni. Karatasi ya maelekezo ilikuwa na picha tupu, kijitu kisicho na nywele kinachotabasamu huku kikikaza skrubu, na hilo lilimfaa, maana picha hazikuringii. Skrubu alizibana midomoni pale pale pa pini. Zilikuwa na ladha ya sarafu. Ubao wa ubavuni aliufunga juu chini, matundu yakaangalia ndani, akaona alipofikia sinki kwamba halina pa kukaa. Akaguna, akafungua yote, akaanza upya. Kushona ni kufumua, yeye hilo lilikuwa halimpi tabu. Alasiri jiko lilikuwa limesimama kwa miguu yake.

Kisha akachukua kipande cha bitana ya satini, ile laini ya kuwekea ndani ya makoti, akaipitisha taratibu kwenye kila ukingo wa mbao. Satini haifichi kitu. Penye kibanzi hata kidogo kama unywele, uzi unakwama. Kila ulipokwama alipiga msasa, akapitisha tena, mpaka satini ikateleza jiko zima kama maji. Angeishia hapo, pengine mambo yangekuwa mengine.

Lakini alikaa kwenye kiti akalitazama, na jicho lake la miaka yote likaanza kazi yake.

Swichi. Mtoto akizungusha sana si itachomoka? Ikichomoka si ataimeza? Akaleta gundi, akazigandisha. Ile *ka, ka* ikanyamaza. Bomba nalo akaliona linacheza, akaligandisha. Ndoano zilikuwa sawa kabisa na jicho la mtoto anayekimbia, akazing'oa, na sufuria na upawa akavipandisha juu ya kabati la nguo. Jiko zima likikumbatiwa si litamwangukia? Akalikaza ukutani kwa bisibisi. Ikabaki oveni. Alipofungua mlango wake aliona upande wa bawaba pana mwanya, na mwanya ule ulitosha kidole cha mtoto, kidole cha Kibonge hasa, akakiona kabisa kimebanwa na kucha imegeuka nyeusi. Akachukua skrubu zilizobaki, akaukaza mlango ukafungika, usifunguke tena.

Akarudi kwenye kiti. Sasa lilikuwa salama kama picha ya ukutani, naye alitabasamu.

Siku ya siku ikafika. Binti alikuwa na zamu ya mchana, na walikubaliana hivi: atamleta mtoto mapema, atakaa kidogo aone, na mambo yakiwa mazuri atamwacha hapo, na siku nyingine za zamu pia. Mama Pini aliamka akafagia palipokwisha kufagiwa. Pasi, mikasi na pini alivifungia sandukuni, akakaa juu yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Kibonge! Njoo uone bibi amekuwekea nini!"

Kibonge aliliona kabla hajaonyeshwa. Alitoa sauti moja ya "aaa!" akaliendea mbiombio, mikono mbele. Binti akasimama mlangoni, mkoba begani, na uso wake ukalegea jinsi mama yake alivyokuwa hajauona siku nyingi.

"Mama, umelifunga mwenyewe?"

"Nani mwingine? Kwani humu kuna nani?"

Kibonge alishika mlango wa oveni akavuta. Haukuja. Akavuta kwa mikono miwili, akarudi nyuma, akautazama. Akashika swichi, akazungusha, mkono ndio uliozunguka. Akajaribu bomba. Kisha akageuka, si kwa bibi, kwa mama yake.

"Imefungwa."

"Tupikie huku juu, mpenzi wa bibi," Mama Pini akasema haraka, akapiga magoti, akakoroga hewa juu ya plati za kuchora. "Chwi, chwi, chwi! Ugali huo! Koroga!"

Kibonge akakoroga hewa mara moja, kwa adabu tu, kama mgeni anayeonja chakula asichokipenda. Akaona sufuria juu ya kabati.

"Ile!"

"Ile baadaye. Ile ni chuma, itakugonga."

"Fungua," Kibonge akasema, akiupiga mlango wa oveni kwa kiganja. "Bibi, fungua."

"Humo hakuna kitu, mama. Acha huo."

Neno likawa limeshatoka. Binti aliweka mkoba chini, akaja, akainama. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa mlango mpaka kikakutana na vichwa vya skrubu, kimoja, na cha pili. Akagusa swichi. Akagusa matundu ya ndoano.

"Mama," akasema mwishowe, na hakuwa na hasira, ingekuwa afadhali angekuwa nayo. "Umelishona."

"Kidole kingebanwa. Wewe hujui. Kuna mwanya pale, mimi nimeupima."

"Najua kuna mwanya. Kila mlango una mwanya."

"Kwa huyo Mwalimu wako hakuna milango?"

"Ipo. Wanabanwa, wanalia, wanabembelezwa, wanarudi kucheza." Akamnyanyua Kibonge. "Nitampitisha kule. Nachelewa zamu."

"Hujanywa hata chai."

"Siku nyingine, Mama. Asante kwa jiko. Ni zuri, kweli." Akasema vile jinsi mtu anavyosifu shuka la mgonjwa.

Kibonge alipunga mkono juu ya bega la mama yake. Alikuwa akilipungia jiko.

Msusi hakukawia. Aliingia bila hodi, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaangalia jiko, akajaribu mlango, naye kama wengine wote ukamkatalia.

"Hee! Ndiyo maana mtoto kaondoka na njaa."

"Msusi, leo sitaki utani."

"Sawa, si utani. Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe."

"Aliyesema hivyo hakuwa na mjukuu."

"Alikuwa nao wengi, ndiyo maana alichoka." Msusi alimtazama, akaacha kucheka. "Mama Pini, unaogopa nini hasa? Asije akakatwa, au asije akakatwa akiwa kwako?"

Msusi akaitwa na mteja, akaenda.

Chumba kikabaki na mlio wa barabara. Mama Pini alikaa mpaka mwanga wa dirishani ukahama kutoka sakafuni ukapanda ukutani. Kisha akachukua bisibisi, akapiga magoti, akatoa skrubu ya kwanza na ya pili. Mlango wa oveni ukafunguka kwa mlio mdogo wa mbao mpya. Swichi alizijaribu kwa koleo, lakini gundi ile ilikuwa ya kweli, moja ikakatika shingo na nyingine ikakataa. Basi. Hizo zimeharibika. Ndoano akazirudisha, ila chini zaidi, usawa wa kifua cha mtoto.

Halafu akafanya jambo ambalo asingependa Msusi alione. Aliingiza kidole chake cha mwisho kwenye ule mwanya wa bawaba, akafumba macho, akaufunga mlango kwa nguvu za mtoto.

Kiliuma. Aliguna, akakinyonya, akakitazama. Kilikuwa na mstari mwekundu. Akangoja kigeuke cheusi. Hakikugeuka. Akajaribu tena kwa nguvu zaidi, akasema neno ambalo hatuliandiki hapa, akangoja tena, na mstari ukafifia wenyewe huku akiutazama.

Jioni, jua bado lipo, alimpigia binti yake. Zamu ilikuwa imekwisha, na nyuma ya sauti yake Kibonge alikuwa akiimba wimbo usio na maneno.

"Nimeufungua," Mama Pini akasema.

"Nini?"

"Mlango. Na unauma, nimejaribu. Lakini kidogo tu. Unauma, halafu unaacha."

"Mama, umejibana kidole?"

"Mara mbili."

Hakujua kama binti anacheka au analia, kwenye simu vinafanana. Mama Pini akasogeza simu kwenye oveni, akafungua na kufunga. *Kwii. Tap.* "Umesikia? Sikudanganyi."

Wimbo wa Kibonge ukakatika. "Nini ile?"

"Ni jiko la bibi," binti akamwambia.

"Jumatatu una zamu," Mama Pini akasema, akijitahidi liwe neno la kupita tu. "Mimi nipo."

"Jumatatu hapana, Mama." Ilikuja polepole. "Nitakuja naye siku nikiwa sina kazi. Tutakaa wote, tuone. Kumwacha peke yake, bado."

"Bado," Mama Pini akarudia. Hakuwa anabisha, alikuwa analipima neno hilo kama anavyopima kitambaa kifupi, aone kitatoka nini. "Haya. Mkija mtanikuta."

"Tena!" Kibonge akasema kwenye simu, karibu kabisa, pumzi zake zikivuma. "Bibi, tena!"

Mama Pini alijipanga vizuri juu ya magoti, akaweka simu sakafuni mbele ya jiko, akaufungua mlango.